Jozi ya Pampu za Mawimbi za Volti 24 kwa Tangi la Matumbawe: Tathmini kutoka Dodoma

Pampu ninazozitathmini hapa ni jozi ya pampu ndogo za mawimbi za volti 24, zinazobandikwa kiooni kwa sumaku na kuendeshwa na kidhibiti kimoja kinachoweza kuzipokeza zamu. Chapa yake siitaji, kwa kuwa nina malalamiko juu yake, na pia kwa kuwa umbo hilo hilo, pamoja na kidhibiti kile kile, huuzwa mitandaoni na madukani kwa majina tofauti tofauti, kiasi kwamba mnunuzi ataitambua kwa sura kabla ya jina. Jozi iligharimu shilingi 290,000, ikiwemo nauli ya mzigo kwa basi kutoka Dar es Salaam, na imefanya kazi katika tangi langu la lita 300 sebuleni Ilazo kiangazi chote na kifuku chote, katika maji ya chumvi yenye samaki wachache na matumbawe ya namna mbili: yale laini, na yale magumu yenye polipu kubwa (polipu ni kiumbe kimoja kimoja cha tumbawe, chenye kinywa na minyiri). Yote ni vipande vilivyokuzwa matangini. Hakuna hata kimoja kilichong'olewa baharini.

Anayefuga samaki wa maji baridi huenda akashangaa kuona pampu inaandikiwa kurasa, maana katika tangi la perege kinachotakiwa ni chujio zuri na vipovu vya hewa. Tumbawe ni mnyama asiyehama. Chakula, oksijeni na kalsiamu anayojengea mifupa yake humfikia kwa kuletewa na maji, na ute na takataka zake huondoka kwa kuchukuliwa na maji hayo hayo. Juu ya ngozi yake hutanda tabaka jembamba la maji yaliyotulia, ambamo vitu hivyo hupenya polepole sana. Mkondo ukiongezeka nguvu, tabaka hilo hupungua unene na mabadilishano huenda kwa haraka. Ndani ya tishu zake huishi pia mwani wa chembe moja unaomlisha kwa nguvu ya nuru, na mwani huo mchana hutoa oksijeni kwa wingi unaoweza kumdhuru mwenyeji wake kama maji hayaisombi. Kununua taa za gharama kubwa na kuziangaza juu ya maji yaliyolala ni kuitupa fedha ya taa.

Boksi linatangaza lita 4,000 kwa saa kwa kila pampu. Tarakimu za namna hii zinafaa kusomwa kwa tahadhari, hata pale mtengenezaji anapokuwa mkweli, kwa sababu hupimwa mahali pasipo na kizuizi chochote. Pampu ya kurudisha maji kutoka sampu, yaani tangi dogo la chini ambamo maji hushukia, hadi tangini anaweza kuipima mtu yeyote mwenye ndoo na saa: yangu imeandikwa lita 3,000, lakini ikishapandisha maji mita 1.2 na kuyapitisha kwenye viwiko viwili vya bomba, huijaza ndoo ya lita 10 kwa sekunde 22 au 23, yaani takriban lita 1,600 kwa saa. Pampu ya mawimbi haipimiki kwa njia hiyo, kwa sababu haina bomba. Ni rafadha, yaani mapanga yanayozunguka kama ya feni, ndani ya kizimba cha plastiki, inayosukuma maji mengi kwa shinikizo dogo, na jiwe lililowekwa mbele yake kwa umbali wa kiganja hulipunguza wimbi lake pakubwa. Wafugaji wengi wa matumbawe hujumlisha lita zote zinazosukumwa kwa saa na kuzigawanya kwa ujazo wa tangi, wakitafuta mara 10 hadi 20 kwa matumbawe laini, mara 20 hadi 30 kwa yale yenye polipu kubwa, na mara 40 au zaidi kwa yale yenye polipu ndogo kama Acropora, ambayo mengi yake kwa asili hukaa pale mawimbi yanapopasukia mwambani. Kwa hesabu hiyo, jozi hii ikifunguliwa yote inafikia mara 26 au 27, na pamoja na pampu ya sampu inakaribia mara 32. Kwa mifugo niliyonayo hiyo ni zaidi ya kutosha, na kwa kawaida siipandishi kupita theluthi mbili ya kasi yake.

Hata hivyo hesabu hiyo hufaa kuchagulia ukubwa wa pampu tu. Haisemi maji yanaelekea wapi, wala kama tumbawe linapigwa upande mmoja kutwa kucha au linafikiwa pande zote, na hapo ndipo jozi ya pampu ndogo inapoizidi pampu moja kubwa ya bei ile ile. Miamba ya pwani yetu haijui mkondo wa upande mmoja. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku; wakati wa bamvua tofauti ya kina Dar es Salaam na Unguja hufikia mita 3 na zaidi, kisha maji mafu yakaja na mwendo ukapoa; kusi na kaskazi hupokezana mwaka hadi mwaka, na juu ya hayo yote kila wimbi lifikalo mwambani huenda na kurudi. Kidhibiti cha jozi hii kinaiga sehemu ndogo ya hayo, na kwa bei yake kinaiga vizuri: pampu ya kushoto hupanda taratibu wakati ya kulia inashuka, na unaweza kuchagua zamu ya sekunde chache au ya dakika kadhaa. Ipo pia hali ya kubahatisha, ambayo kasi hubadilika bila mpango unaotambulika, na hiyo ndiyo ninayoiacha ikifanya kazi mchana.

Nilizibandika kwenye vioo viwili vya ubavuni, theluthi moja ya kina chini ya uso wa maji, zikiwa zimegeuzwa kidogo kuelekea kioo cha mbele badala ya kutazamana ana kwa ana. Mikondo miwili inapokutana mbele ya kioo huvunjika na kuzunguka nyuma ya mawe, na huo mvurugiko ndio unaohitajika. Sumaku imeandikwa kuwa inabeba kioo cha hadi milimita 12. Changu ni cha milimita 10 na haijawahi kuteleza, ingawa mpira wa upande wa nje huacha doa jeusi lisilofutika kirahisi. Kichwa cha pampu huzunguka kwenye kitako chake kama jicho, ukikisukuma kwa kidole kinabaki ulipokielekeza, na ulegevu unaoziharibu pampu nyingi za bei nafuu baada ya muda hapa sijauona.

Njia bora ya kuona mkondo ulivyo ni kuzima taa ya chumba, kubakisha ya tangi, na kudondosha punje chache za chakula kikavu mbele ya pampu. Siku ya kwanza punje zilizunguka tangi kwa kasi ya kuridhisha, lakini kona ya nyuma kulia, chini ya jiwe lililojitokeza kama rafu, zilitua na kutulia. Sehemu ya namna hiyo ndiyo inayokusanya mashapo, na mashapo yakioza hupandisha naitreti na kualika ule utando mwekundu wa sianobakteria unaotandika mchanga. Kuongeza kasi hakukusaidia chochote isipokuwa kuchimba mchanga upande wa pili hadi kioo cha chini kikaonekana. Kilichosaidia ni kuisogeza pampu ya kushoto sentimita chache juu na kuielekeza kwenye uso wa maji, ili wimbi lake lifike mwisho wa tangi, lishuke kwenye kioo na kurudi chini chini kupitia kona ile. Mashapo hayajatua tena pale, na kasi niliyoitumia ni ndogo kuliko ya mwanzo.

Kipimo cha mwisho ni matumbawe yenyewe. Nina Euphyllia, tumbawe gumu la polipu kubwa, yenye minyiri mirefu yenye ncha za mviringo, na ndiyo mkaguzi mkali kuliko chombo chochote kinachouzwa. Mkondo ukiwa sawa, minyiri huyumba huku na huku, inakunjuka, inaachana na kuonyesha katikati ya polipu. Ukizidi kutoka upande mmoja, minyiri yote hulala upande wa pili, nyama hukazwa dhidi ya ncha za mifupa, na baada ya muda nyama hiyo huchanika na mfupa mweupe huonekana. Ukipungua, mnyama hujivimbisha kupita kiasi na takataka hujaa juu yake. Kwa zamu ya sekunde 8 na kasi ya nusu, Euphyllia yangu ilifunguka upana ambao pampu moja ya zamani haikuwahi kuufikia. Matumbawe laini hayana adabu ya namna hiyo; Sarcophyton hujifungia siku kadhaa bila sababu inayoonekana, akimenya ngozi yake ya juu, na mkondo mzuri humsaidia kuivua haraka, basi.

Hali inayotangazwa kwa herufi kubwa zaidi kwenye boksi ni ile ya mawimbi, ambayo pampu huwaka na kuzimika kwa mpigo unaolingana na mdundo wa asili wa tangi mpaka uso wote wa maji ukaanza kupanda na kushuka. Kwa tangi la urefu wa sentimita 120 na kina cha maji cha sentimita 45, mdundo huo ni takriban sekunde 1.4, na ukiulenga sawasawa maji yanayumba kwa uzuri wa kushangaza kutokana na wati chache tu. Wageni huipenda. Mimi siiachi ikiendelea, kwa sababu maji huuvuka kwa vipindi ukingo yanapoanzia kushuka kwenda kwenye sampu na kutoa mlio wa kugugumia, stendi ya mbao hubeba mtikisiko usio na mapumziko, na mhimili wa rafadha hugonga kila unapoanza kuzunguka. Mnunuzi asilipe ziada kwa ajili ya hali hiyo.

Kinachofuata hakimhusu sana mfugaji wa Tanga au Kigamboni. Dodoma iko takriban mita 1,100 na zaidi juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa hapa ni pungufu kwa karibu asilimia 12 kuliko pwani. Maji ya chumvi ya nyuzi 25 yaliyoshiba hewa pwani hubeba takriban miligramu 6.7 za oksijeni kwa lita. Hapa maji hayo hayo hushiba kwenye miligramu 5.9 hivi. Samaki hafi kwa tofauti hiyo, lakini akiba ya usiku ni ndogo. Taa zikizimwa mwani ndani ya matumbawe huacha kutoa oksijeni, kila kiumbe tangini kinaendelea kuitumia, hewa ya ukaa inajilimbikiza na kuifanya pH ishuke, na kiwango cha chini kabisa cha oksijeni hufikiwa kabla ya kupambazuka. Ni kwa sababu hiyo naiona hali ya usiku ya kidhibiti hiki kuwa imekaa kinyume: kihisi cha nuru kinapoona giza, hupunguza pampu zote mbili hadi theluthi, eti samaki wapumzike. Samaki wa mwambani hulala ndani ya matundu ya mawe, wala hawahitaji bahari itulizwe kwa ajili yao. Kihisi hicho nimekifunika kwa utepe mweusi wa umeme na kuizima hali ya usiku, kisha nikaielekeza pampu ya kushoto juu zaidi, uso wa maji ukatikisika bila kurusha matone. Kubadilishana hewa hutokea usoni, si kwenye vipovu kama wengi wanavyodhani, na uso uliokunjamana una eneo kubwa zaidi la kupokea oksijeni na kutoa hewa ya ukaa.

Uso huo huo uliotikiswa ndio unaokausha tangi. Kati ya Juni na Novemba hewa ya Dodoma ni kavu, upepo wa mchana hauna mchezo, na tangi langu hupoteza kiasi cha lita 5 kwa siku. Maji huondoka na chumvi hubaki: lita 5 katika 300 hupandisha chumvi kutoka gramu 35 kwa lita hadi karibu 35.6 kwa siku moja, na wiki ya kuzembea ni hatari. Kinachoongezwa lazima kiwe maji yasiyo na chumvi yoyote, na maji ya bomba hayafai, kwani maji ya visima tunayoyatumia hapa mjini ni magumu, na kila mwenye birika anaujua ukoko mweupe unaobaki ndani. Anayenunua pampu hizi na kuishi huku apange pia fedha ya mashine ya kuchuja maji ya bomba na ya kifaa cha kujaza maji chenye kielea. Faida moja ya mvukizo huo ni kwamba hupooza. Tangi halijawahi kupita nyuzi 27 hata Novemba, bila mashine ya kupozea.

Sasa malalamiko. Kidhibiti hakikumbuki. Umeme ukikatika na kurudi, kinasahau kasi na hali uliyoiweka na kuanza kwa asilimia 100, pampu zote mbili kwa pamoja, bila zamu. Ukiwa nyumbani utabonyeza vitufe viwili na kuendelea na shughuli zako. Ukiwa kazini Mtumba tangu asubuhi, utarudi jioni ukute mchanga umejengwa kichuguu upande mmoja na Euphyllia imelazwa ubavu. Muuzaji nilipompigia alinijibu kwa upole, "Kaka, hiyo ndiyo ilivyotoka kiwandani, zote ziko hivyo," na nadhani alisema kweli, lakini maelezo hayo yangepaswa kuwa kwenye tangazo. Dawa yake ni kutoruhusu kidhibiti kikose umeme hata kwa nukta moja, na kwa bahati hapo ndipo volti 24 zinapoonyesha thamani yake. Fundi wa sola alinifungia betri mbili za volti 12 na saa-ampea 7, zimeunganishwa mfululizo, pamoja na chaja yake na rilei inayohamisha pampu kwenye betri adapta inapokosa umeme. Betri hizo zina wati-saa 168, na kwa kuwa betri za risasi hazifai kushushwa chini ya nusu, zinazotumika ni 84. Pampu moja kwa kasi ndogo hula wati 3 au 4, hivyo maji yanaendelea kuzunguka kwa saa 20 na zaidi. Pampu ya umeme wa kawaida wa nyumbani ingehitaji inveta kwa kazi hiyo hiyo. Fundi atahadharishwe jambo moja: betri zinazochajiwa hufikia volti 27 na ushee kwa pamoja, na kidhibiti hakikuandikwa kwamba kinavumilia hizo, kwa hiyo pampu zisiunganishwe moja kwa moja kwenye betri wakati chaja inafanya kazi.

Umeme ukikatika ukumbuke na sampu pia. Pampu ya kurudisha ikisimama, maji ya juu hushuka mpaka mdomo wa bomba upate hewa, na katika tangi lenye uso wa sentimita 120 kwa 50 kila sentimita 3 za kina ni lita 18. Sampu isiyo na nafasi hiyo itayamwaga sakafuni, jambo lisilohusiana na pampu za mawimbi ila linalowapata wengi siku ile ile wanapozijaribu.

Kwa matumizi ya umeme jozi hii haina lawama. Kipimo cha kwenye soketi kilionyesha wati 14 kwa pampu moja ikiwa wazi, na wati 4 kwa nusu ya kasi. Kanuni ya rafadha inasema nusu ya kasi huhitaji takriban moja ya nane ya nguvu, na pengo lililobaki ni la adapta na elektroniki. Kwa vyovyote, pampu mbili kwa nusu ya kasi hazimalizi uniti 6 za LUKU kwa mwezi. Kelele ni ndogo mwanzoni, mvumo tu unaopotea televisheni ikiwashwa.

Kelele ikianza kupanda, pampu inadai usafi. Ukifungua kizimba utakuta mhimili umevikwa ganda jeupe la kalsiamu na mapanga ya rafadha yameota mwani wa zambarau ulio mgumu kama saruji. Loweka vyote katika siki na maji, nusu kwa nusu, kwa saa moja, sugua kwa mswaki wa zamani, suuza, rudisha. Kizimba hufunguka kwa kuzungushwa robo ya duara bila bisibisi, na hilo ni jema kuliko inavyosikika, maana pampu ngumu kufungua haisafishwi. Matundu ya kizimba kwa upande mwingine ni mapana mno. Mwenye anemoni asiitumie bila kuivika sponji, kwa kuwa anemoni hutembea, na akivutwa na rafadha atasagwa na kuchafua tangi zima kwa usiku mmoja. Waya nao ni mfupi. Hakikisha unaninginia chini kabla ya kupanda kwenye soketi, ili tone la maji ya chumvi lidondokee sakafuni.

Zipo pampu bora. VorTech ya EcoTech Marine ya Marekani huiweka mota nje ya kioo na kuizungusha rafadha kwa sumaku kupitia kioo hicho, hivyo hakuna waya wala joto la mota ndani ya maji, na Tunze ya Ujerumani ina sifa ya miaka mingi katika kazi hii. Lakini bei zake, pamoja na usafiri na ushuru, huzidi mara kadhaa bei ya jozi hii, na kwa anayefuga matumbawe laini na yenye polipu kubwa katika tangi la lita 150 hadi 350 sioni sababu ya kuzifuata, ilimradi fedha iliyobaki iende kwenye betri na rilei. Anayetaka Acropora atafute pampu zenye nguvu zaidi na kidhibiti chenye kumbukumbu. Kwa jozi yenyewe natoa nyota tatu na nusu kati ya tano. Ile moja na nusu imeliwa na kidhibiti.

Rota ya akiba, yaani rafadha na mhimili wake, iagizwe siku ile ile unaponunua pampu. Muuzaji wangu alikuwa nazo kwa shilingi 25,000 moja, lakini hufika kwa mkupuo na kuisha, na toleo jipya la pampu hii lina mhimili mwembamba zaidi ambao hauingii kwenye la zamani, ingawa boksi ni lile lile.